Brigadia wa Saba

Chuo kimoja cha Sydney kina timu ya ragbi, na timu ina kondoo dume wake wa kuleta bahati, aliye hai kabisa. Tangu enzi na enzi huitwa Brigadia. Akizeeka mmoja, anakuja mwingine kwa jina lilelile. Picha zao zimetundikwa ukumbini, kila mmoja amevimba kama mkuu wa wilaya. Brigadia wa Saba alilelewa na Lusekelo, Mnyakyusa wa Tukuyu anayeishi Lidcombe, mtaa wa mji huohuo, na jamani, alidekezwa. Alichanwa manyoya, akavishwa joho la kijani, na kabla ya mechi aliuzunguka uwanja bila kamba, akiifuata sauti ya Lusekelo tu. Mwingine akimwita, alimpa mgongo.

Alipoanza kuchechemea, Ogutu wa ofisi ya michezo, Mkenya aliyempatia Lusekelo kazi ile na kumwita ndugu, alisema mzee anastaafu. Angepelekwa Goulburn kwenye shamba la Bwana Harding, mwanafunzi wa zamani, kama waliomtangulia. Lori lilipofika kondoo aligoma. Ogutu akamwita Lusekelo. Lusekelo akatangulia kupanda, akamsemesha Kinyakyusa, naye akapanda.

Sasa, kwao Tukuyu mnyama wako akiwekwa kwa mwenzio humtupi. Unakwenda kumjulia hali, na huendi mikono mitupu. Basi Jumamosi moja Lusekelo na mkewe Raheli walifunga safari, wakiwa na kitenge cha kumpa mke wa Bwana Harding, na jiwe la chumvi la Brigadia. Bwana Harding aliwakaribisha chai, akawasikiliza, akakuna kichwa. Hakuwahi kupokea kondoo wa chuo, wala baba yake hakuwahi. Raheli alikiacha kitenge mezani hata hivyo, maana zawadi hairudishwi nyumbani.

Jumatatu Lusekelo alimkabili Ogutu, naye hakukana.

“Buda, hiyo ya shamba ni story ya ku-calm wanafunzi. Alienda abattoir, akachinjwa, wote huenda huko. Nilidhani unajua.”

“Na ulijua hatapanda bila mimi?”

“Si ndiyo maana nilikuita.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Lusekelo aliona uchungu: wamemdanganya, na kwa sauti yake mwenyewe wakamdanganya kondoo.

Bandani alikuta wameshamleta Brigadia wa Nane, mwanakondoo mchanga, analia. Alimnywesha maziwa ya chupa, maana njaa si kosa la mwanakondoo. Lakini hakufungua kinywa, asije akaizoea sauti yake.