Posa ya Msomi wa Upepo

Jumamosi iliyopita tulipanda Landrova ya kijiji, wazee watatu, tukampeleka kijana wetu kuposa huko Rujewa, Usangu. Kijana ni mtu wa Tukuyu, na yuko Nairobi anasomea shahada ya pili ya mwenendo wa hewa.

"Ya pili?" baba wa binti aliuliza, akiweka kikombe chini. "Ile ya kwanza ilikushinda?"

Tulimweleza, akaelewa. Kisha akataka kijana mwenyewe aseme hasa anasoma nini.

Nilimkanyaga kijana mguu ili afupishe, lakini hakujali. Alivuta bakuli tupu akaliinamisha mezani.

"Hii ndiyo milima, baba. Upepo unatoka Ziwa Nyasa umejaa unyevu. Ukipanda milima unapoa, mvua inanyesha kwetu Tukuyu. Ukishuka huku Usangu umeshakauka."

Baba wa binti, ambaye mpunga wake umenyauka mwaka huu, alilitazama lile bakuli.

"Kwa hiyo mvua yetu mmeichukua ninyi," alisema. "Na sasa mmekuja kumchukua binti."

Kijana alilowa jasho. Sisi wazee tulitazama dari. Ndipo nyuma ya pazia binti akaangua kicheko, na baba yake aliyejitahidi kukunja uso akashindwa, akacheka naye.

"Mpelekeni," alisema. "Angalau mmoja wetu akanyeshewe."

Nasikia mwezi ujao kijana atahojiwa na maprofesa wake kuhusu huo upepo. Sina wasiwasi naye. Hao hawana binti wa kumnyima.