Soksi Kwenye Kamba ya Gunnvor

Nyumba ya Gunnvor ndiyo ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda mlima kwenda ufuo wa ng'ambo. Huko hakuna barabara wala nyumba. Kuna mchanga, mawimbi, na upepo usiomjali mgeni. Kila anayevuka hufunga soksi moja kwenye kamba ya uani kwa Gunnvor, na akirudi huichukua. Soksi ikikawia kuchukuliwa, Gunnvor hashiki kijiko mpaka mwenyewe arudi.

Huku kaskazini ya mbali, kiangazi jua halizami, watu hurudi wapendapo, naye Gunnvor hulala kwa vipande. Vuli ikiingia humwambia kila mpitaji, "Mawimbi ya kule usiyape mgongo." Mwaka mmoja mgeni alirudi kwa mashua, akapanda basi akaenda zake, soksi ikabaki inapepea. Kijiji kizima kiliingia mlimani na tochi kumtafuta. Tangu hapo jirani yake mvuvi, mzee Arnljot, haachi kumtania.

"Mama Soksi! Hujapata hata moja ya kunifaa mimi?"

"Wewe nunua sabuni kwanza."

Machi hii aliyekuja kufunga soksi alikuwa bintiye, Hedvig. Alitaka kuwaongoza wageni hata wakati wa theluji.

"Wiki ijayo nina watu, mama. Leo naenda kuitazama njia."

"Theluji imelala vibaya."

"Umeionea wapi? Dirishani?"

Neno lilimchoma Gunnvor, kwa kuwa lilikuwa kweli. Tangu aolewe hapo, alikuwa hajawahi kuvuka mlima ule wakati wa baridi.

"Basi twende wote," alisema. "Nikiona hufai, kazi hiyo umeiacha. Umekubali?"

"Nimekubali."

Gunnvor akafunga soksi yake pia, akamwita Arnljot aiangalie kamba.

"Leo ninyi ndio mtanikosesha chakula?" mzee akauliza.

Walipanda mbali mbali ili theluji isiwaporomokee wote wawili, Hedvig mbele akichoma theluji kwa fimbo, Gunnvor nyuma akiomba kimya kimya. Walipofika kwenye upenyo wa juu kati ya vilele, bahari ikafunguka chini yao, ya kijani, na ufuo mweupe hadi mahali maji yalipoulamba. Gunnvor alisahau maumivu ya magoti yake. Machozi yalimtoka.

"Tushuke, mwanangu. Nikaukanyage tu, turudi."

Hedvig alichimba kwa koleo pembeni ya mteremko, akagonga. Tabaka la juu likakatika, likateleza zima zima, kama ambavyo mteremko wote ungeweza kuwaporomokea.

"Hapana, mama."

"Ni hapo tu! Nimepanda mpaka huku na magoti haya!"

"Naona. Hapana."

"Nakuomba, Hedvig. Sijui kama nitapanda tena."

"Utapanda kiangazi. Nitakushika mkono."

Gunnvor alimtazama usoni. Mtoto yule aliyekuwa akilia akinyimwa sukari alisimama pale, macho yamelowa kwa huruma, na hakusogea hata hatua moja. Mama akashusha pumzi.

Walikunywa kahawa ya chupa wakiwa wamesimama, bega kwa bega, wakiutazama ufuo. Kisha wakageuka.

Nusu ya njia, Gunnvor akauliza, "Hao wageni wako wanakuja lini?"

"Wiki ijayo, theluji ikitulia."

"Walete kwangu kwanza wanywe supu ya samaki. Mwenye njaa hasikii akiambiwa hapana."

Hedvig akacheka, akampa mkono kwenye barafu.