Nilimzuia Baba Asife Kwenye Makaratasi

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nalisema hapa bila jina kwa sababu nikijitaja nitafungwa, na mama yangu hana mtu mwingine.

Mimi nilizaliwa kambini Tanzania. Amani iliporudi, nasi tukarudi, tukapanga nyumba Nyamugari, hapa Gitega. Lakini kwetu hasa ni Gashoho, kule Muyinga, kwenye shamba ambalo baba alilikimbia akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Tulikuta wengine wanalima. Baba akafungua kesi, akaitwa, akarudishwa, akaitwa tena. Miaka!

Wiki mbili kabla ya kesi kuamuliwa, baba akafa. Jamani! Asubuhi alikunywa uji akanitania, jioni hayupo.

Hospitali wakanipa karatasi, wakaniambia niipeleke komini, yaani ofisi ya tarafa, na mashahidi wawili ili kifo kiandikwe. Kazi ya asubuhi moja! Mimi nikajifanya mwerevu. Nikawaza, wakijua mwenye kesi amekufa watafunga faili, tuanze upya. Hakuna aliyeniambia hivyo, na sikumuuliza mtu.

Tukamzika Gitega na majirani wachache. Gashoho sikupeleka habari. Nikampigia simu baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja, ambaye alikulia ukimbizini Kongo. Wanafanana mpaka mikunjo ya shingo. Nikampa karangamuntu ya baba, kitambulisho chenye picha iliyofifia, nikamwomba akasimame mbele ya wanaoamua kana kwamba ni yeye.

Mama alikuwa bado mkekani analia. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, mwache baba yako apumzike."

Nikamwambia anyamaze, namtafutia kwake. Nilimjibu hivyo mama yangu, siku ya nne ya msiba!

Tulishinda. Shamba lote, na migomba na kahawa yake. Baba mdogo alitia kidole gumba juu ya jina la marehemu, nami nikapiga vigelegele. Mungu anisamehe.

Akatangulia yeye kuhamia, eti kulinda. Miezi ikapita. Nikaenda Gashoho kumwambia kwamba mama sasa anakuja. Nilimkuta mlangoni anapukuchua maharage, majirani wanapita wanamsalimu kwa jina la baba, naye anaitika bila hata kupepesa macho!

"Aje tu," akasema. "Lakini huku watu yote wanajua mi ndo bwana yake. Akija atalala wapi? Ukisema mi si yeye, bon, tunaenda gereza sisi wawili, na shamba watakamata. We ndo ulinipatia hii jina."

Kila alichosema kilikuwa kweli.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko shamba. Kwetu msiba hauishi mpaka siku ya kuganduka: ukoo na majirani wanakusanyika, msemaji anasimama, anasema fulani ametutoka na fulani ndiye wa kushika mahali pake, kisha mjane anaruhusiwa kurudi katika maisha. Sisi tutamwita nani? Watu wa Gashoho wanamwona "marehemu" sokoni kila wiki! Mama huu mwaka wa tatu hajaenda harusi ya mtu. Akialikwa anasema anaumwa mguu.

Nilijaribu kujitoa. Nilikwenda komini, nikapanga foleni, nikafika dirishani. Karani akaniuliza, "Mzee alikufa lini?"

Nikapiga hesabu. Nikisema siku yenyewe, kidole gumba kilitiwa baada yake. Nikitaja siku nyingine, yule tuliyemzika ni nani? Nikasingizia kwamba nimesahau karatasi nyumbani. Kabla sijaondoka nikamuuliza, eti kwa niaba ya rafiki yangu, mwenye kesi akifa inakuwaje.

"Watoto wanaendelea nayo," akasema. "Munaleta tu cheti cha kifo."

Basi! Nilikaa kwenye ngazi pale nje. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni fupi kweli, na mbele haina pa kutokea.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumetoka kanisani. Mama akakunja kitenge chake, akakiweka, akaniuliza taratibu, bila hasira hata kidogo: "Hivi baba yako atakufa lini, na mimi niende nyumbani?"

Ndugu zangu, hasa nyie mliorudi kama sisi na kesi zenu mkononi: mkifiwa, lieni, zikeni, halafu nendeni komini mkaandikishe kifo. Mkiogopa kitu, ulizeni kwanza, hata kama karani ana sura ya ukali. Usije ukaulizwa na mama yako swali kama hilo, ukabaki unatafuta viatu vyako ili utoke nje.