Biatu Nyeupe ya Falonne

Muntu akikuambia ndugu yangu Anaclet ni muntu ya Mungu, umuulize kama anajua biatu ya Falonne. Mimi ni yaya yake, dada yake mukubwa, tulinyonya ziwa moja, tunakaa lupango moja, uwanja moja na nyumba mbili, hapa mutaa ya Hewa Bora, na ninakuambia wazi: ile juma nilisikia haya kuitwa yaya yake.

Sikatae kazi yake. Asubui anatengenezaka masini ya kushona ku soko, mangaribi anafundishaka koro ya parokia kuimba. Miaka kumi na mine! Bantu bote banamuita Maître, mwalimu. Akipita na ile kravati yake, hata bamama benye kugombana ku robinet ya maji banashusha sauti.

Sasa sikia. Siku ya tatu ya ile juma, batoto ya komunyo ya kwanza balienda ku kanisa kujaribisha misa, na biatu yao nyeupe ku miguu, juu sista alitaka kuona kama kila mutoto iko tayari. Lakini kanisa yetu iko na simenti nyekundu, mama Adolphine anaisuguaka na mafuta mpaka inang'aa, na mutoto akiikanyaga na biatu, ole wake! Basi bote bakavua ku mulango. Jozi makumi tatu, nyeupe, yote inafanana. Kutoka, kila mutoto akaokota yenye iko karibu. Lydie, binti ya Anaclet, miaka tisa, akarudia nyumbani na yenye haikuwa yake, na hakuona hata kidogo. Ni kosa. Nani hakosee?

Mimi njo niliona, wakati nilikuwa ninamuvua. Ndani, pa kisigino, balikuwa baliandika na kalamu ya bic: FALONNE. Huyu ni mutoto ya Mwansa, mujane mwenye kuuzaka samaki ya kukausha. Maraine ya mutoto, mama yake ya ubatizo, njo alituma ile biatu kutoka Kipushi. Nikaita Anaclet.

"Ndugu, kamata mutoto mukono, mwende kwa Mwansa sasa hivi."

Kwetu, mutoto akibeba kitu ya mwenzake bila kujua, hatumutumake peke yake kurudisha. Muzazi njo anaenda naye, muzazi njo anapiga magoti pa mulango, anasema, "Tulikosa." Paka hivyo tu, na maneno inaisha.

Anaclet akatazama biatu. Ya Lydie, yenye Falonne alibakia nayo, ilikuwa ya mitumba, ilianza kufunguka mbele. Hii ilikuwa mupya.

"Yaya, tuache kwanza. Siku ya Mungu, ku komunyo, kuko picha. Tutarudisha kesho yake."

"Na Falonne atavaa nini?"

"Atavaa ya Lydie. Ni kubadilisha tu."

Kesho yake asubui nilimukuta nyuma ya nyumba na chupa ya Javel, ile dawa ya kuondoa madoa, na burosi ya meno, anasugua jina. Maître! Anasugua bila haraka, na anaimba polepole wimbo ya komunyo. Tfu! Nikatema mate chini, mbele yake. Mutoto alikosea ku mulango ya kanisa. Yeye alikuwa anaiba mu lupango yake mwenyewe, na jua inawaka.

Nikabeba biatu, nikakamata Lydie, tukaenda kwa Mwansa. Nikapiga magoti. Mwansa akanitazama na huruma, na ile huruma iliniuma kuliko matusi.

"Mama, simama. Falonne alijua ile ya kufunguka ni ya Lydie, basi jana mangaribi nilimufuata Maître ku koro, nikamuuliza. Alikamata musalaba ya shingo yake, akaapa Lydie hajui ile biatu. Bantu bote balisikia, mimi njo nikabakia muongo. Sitaipokea ku mikono yako. Maître akuye mwenyewe."

Lydie alisikia yote. Tulipofika pa mulango yetu, akaniuliza.

"Tantine, siku ya posho, mbele ya komunyo, ninaenda kuungama mara ya kwanza. Hii nitasema ni zambi yangu, ao ya baba?"

Nikamutafuta baba yake. Nilipomupelekea Anaclet ile neno, akasema mutoto asiingie mu mambo ya bakubwa. Fyuu!

Siku ya Mungu, koro ikaanza wimbo ya kuingia, batoto bakaingia bawili bawili. Falonne alikuwa mu biatu ya Lydie, kidole inatoka mbele. Lydie alikuwa miguu wazi, ile nyeupe iko ku mukono. Akatoka mu mustari, akaenda mbele ya koro, akaiweka ku miguu ya baba yake.

"Baba, rudisha."

Na unajua alifanya nini? Akaisukuma na muguu chini ya kinanda, akaendelea kuongoza! Basi bamama ba sauti ya juu bakanyamaza. Kisha babaume. Ikabakia sauti yake peke yake, halafu na yenyewe ikakauka. Padri alikuwa amesimama, anangoja.

Anaclet akainama, akatafuta na mukono chini ya kinanda, akatembea nayo mpaka ku benchi ya Mwansa, akapiga magoti.

"Tulikosa."

"Nani alikosa?" Mwansa akamuuliza.

Akamunyooshea ile biatu.

"Mimi."

Falonne akavaa biatu yake. Mimi nilikuwa benchi ya nyuma yao, na mpaka mwisho wa misa ile biatu ilikuwa inanuka Javel.