Hewa Iliyomkataa Lorine

Achola alipopewa kazi ya ualimu Illasit, mwaka wa 2002, watu wa kwao Ahero walimwambia ana bahati. Huko ni chini ya Mlima Kilimanjaro, walisema, mbu ni wachache, na mtoto hataugua malaria kila mara. Mume wake, Obonyo, alikuwa karani wa stoo Nairobi na alikodi chumba Kitengela, nje kidogo ya jiji. Wakakubaliana Achola aende Illasit na binti yao Lorine, wa miaka mitano, huku wakitafuta uhamisho wa kuwaleta pamoja.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Kisha Juni ikaingia. Ukungu ulishuka mlimani ukakaa juu ya mashamba hadi saa nne, nguo zikawa hazikauki, na Lorine akaanza kukohoa. Achola alimvisha sweta mbili. Alidhani ni mafua.

Alfajiri moja aliamka akasikia sauti kama filimbi. Ilitoka kifuani mwa mtoto. Lorine alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda, macho yamemtoka.

"Mama, hewa haiingii."

Achola alimbeba mgongoni, akambishia hodi jirani yake Mwelu, mama wa Kikamba aliyelima vitunguu. Mwelu alitoka na leso begani, akasikiliza kidogo.

"Mwalimu, hii ni pumu. Twende dispensari, usingoje kuche."

Walitembea ndani ya ukungu bila kuona barabara. Mtoto aliwekewa dawa ya kuvuta, akatulia. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Ametoka wapi?"

"Ahero, karibu na Kisumu."

"Huko ni joto. Hii baridi ya mlima inambana. Dawa nitakupatia, lakini hewa siwezi kumbadilishia."

Baridi hiyo haikuzuilika. Achola aliziba nyufa za mbao kwa magazeti. Aliwasha jiko, moshi ukamfanya Lorine akohoe zaidi. Akalizima, baridi ikarudi. Ikawa kila akiandika ubaoni anatega sikio mlangoni, maana Mwelu ndiye aliyebaki na mtoto, na wakati wowote angeweza kuja kumwita.

Aliomba uhamisho. Mwaka ukapita na baridi nyingine ikapita, mtoto akilazwa na kutolewa. Hatimaye akapata nafasi katika shule moja Kitengela. Obonyo alinunua kitanda kidogo, akakipaka rangi ya samawati mwenyewe. Walihamia Desemba, na kwa wiki kadhaa Lorine alicheza nje na watoto wa ploti waliyopanga mpaka jioni.

"Umeona?" Obonyo alisema. "Ilikuwa tu ile baridi ya mlima."

Januari nyasi zilikauka, upepo ukaanza kuvuka uwanda. Ulibeba vumbi la barabara na la nyumba zilizokuwa zikijengwa kila upande. Achola alipiga deki asubuhi, na kufikia saa sita angeweza kuandika jina lake juu ya meza. Alitundika shuka zenye maji madirishani. Zikawa nyekundu. Ile filimbi ikarudi, mbaya kuliko ya Illasit, na safari hii dawa ilichelewa kumtuliza.

Walikaa nje ya wodi, Obonyo akiwa bado na koti la kazi.

"Tuhamie wapi sasa?" Achola akauliza. "Niambie, nitapanga vitu leo."

Obonyo alikung'uta vumbi kwenye koti lake. Kazi yake ilikuwa hapa, ya mkewe hapa. Alishika mkono wa Achola mpaka muuguzi alipowaita.

Mama yake Achola, dani wa Lorine, alikuja kutoka Ahero kumchukua mjukuu. Lorine aliuliza kama kitanda cha samawati kitaenda naye. Aliambiwa hakitaingia kwenye basi. Akakubali, akapanda akiwa ameshika kidole cha dani yake.

Pasaka walienda kumwona. Walimkuta akikimbia kandokando ya mfereji wa mpunga, miguu mitupu, akipiga kelele na wenzake. Alikuwa amenenepa. Achola alisimama akimtazama akipumua, kifua kikipanda na kushuka bila sauti, akatamani kucheka na kulia pamoja.

"Tangu afike hajashikwa hata mara moja," mama yake alisema, kisha akainamisha uso, kana kwamba amesema jambo la kuumiza.

Siku ya kuondoka Lorine aliwasindikiza hadi steji ya basi. Hakulia.

"Mkipata mahali pale naweza kupumua, mtanichukua?"

"Tutakuchukua," Obonyo akajibu upesi.

Achola alikuwa ameinama juu ya mkoba wake, anapekuapekua, ingawa hakuna alichokuwa akitafuta.