Nilimfundisha Rafiki Yangu Logarithm Vibaya, na Sasa Binti Yake Ameniletea Daftari

Admin, jina langu libaki kati yako na mimi, na huyo rafiki nimempa jina lisilo lake. Niko na miaka arobaini na tano, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kitengela, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Watu wakileta visa vyao kwenye page hii mimi huwa wa kwanza kuwakemea kwenye comments. Leo zamu ni yangu, mnikemee tu, lakini mnisome mpaka mwisho.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa form four katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kajiado. Hesabu ilikuwa inatuangusha darasa zima, kwa hivyo wasichana wanne tukaunda kikundi na kugawana mada. Kila mmoja alichukua mada yake, akaisoma mpaka ikaiva, halafu Jumamosi baada ya kufua nguo akawafundisha wengine ubaoni. Sheria yetu ilikuwa kwamba mwenye mada ndiye mwalimu, na anachosema kinaandikwa kwenye daftari bila ubishi. Tuliiweka kwa sababu mwanzoni tulikuwa tunabishana mpaka kengele inalia na hakuna swali limeisha.

Mimi nilijitwalia logarithm. Ukweli ni kwamba mada hiyo ilipofundishwa form two nilikuwa nyumbani wiki mbili nikiugua matubwitubwi. Lakini mimi ndiye nilikuwa naongoza darasa kwa hesabu, na kusema kuna kitu sijui kungeniua. Nikasoma kitabu peke yangu nikaelewa karibu yote. Kuna zile nambari zenye bar, kamstari kadogo juu yake. Ukitafuta cube root unagawanya kwa tatu, na bar moja haigawanyiki kwa tatu. Hapo sikuelewa kitabu kinasema nini, nikatunga yangu: iache bar ilivyo, gawanya zile za nyuma ya nukta peke yake. Nikaitangaza ubaoni na uso mkavu kabisa.

Wawili kwenye kikundi walikuwa na noti zao za darasani, nadhani hata hawakunisikiliza sana. Nasieku, huyo rafiki yangu, ndiye aliandika kila neno. Alihamia kwetu form three mada hiyo ikiwa imepita, na shule alikotoka hawakuwa wameifikia, kwa hivyo hakuwa na noti zingine ila zangu. Alitaka kuwa mwalimu kuliko kitu chochote duniani, na kilichokuwa kinamzuia ni hesabu tu. Masomo mengine yote alikuwa ananiacha mbali. Hilo lilikuwa linaniuma, siwadanganyi.

Siku tatu kabla ya paper one ya hesabu, kwenye mtihani wa mwisho wa form four, nilitumwa chaki staffroom. Nikamkuta mwalimu wa hesabu akimwonyesha msichana mwingine swali kama lile. Alikuwa anaikopea ile bar kwanza mpaka igawanyike, kisha anarudisha alichokopa upande wa pili. Nilisimama pale nikatazama mpaka akamaliza. Nikarudi darasani nikiwa nimekata shauri kusema. Nasieku alikuwa ubaoni peke yake akifanya mazoezi kwa njia yangu, akageuka akaniambia kwa furaha kwamba hiyo sasa hawezi kukosa hata akiamshwa usingizini. Nikamwambia vizuri sana. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia pengine swali kama hilo halitakuja.

Lilikuja, tena mwanzoni kabisa. Mimi nililifanya vile nilivyoona staffroom. Tulipotoka nje Nasieku alinishika mikono yote miwili.

"Ile ya logarithm nimemaliza ya kwanza," akasema, kisha akanishukuru kwa Kimaasai. "Ashe oleng, mwalimu wangu."

Matokeo yalipotoka mimi nilipata nafasi chuo cha ualimu. Nasieku alikosa kwa gredi moja, na ilikuwa ya hesabu. Sijui kama zile alama chache zingemvusha. Pengine zisingetosha. Nimejiambia hivyo miaka hii yote, na bado kila nikisahihisha vitabu vya watoto huwa namkumbuka.

Tulipotezana mpaka mwaka juzi, nilipoingia duka moja la dawa za mifugo hapa mjini nikamkuta ndiye anauza. Alinikumbatia mbele ya wateja, akawaambia huyu ndiye alikuwa ananifundisha hesabu. Sasa binti yake yuko form four, na Nasieku aliniomba nimsaidie. Ningekataaje?

Jumamosi iliyopita msichana alikuja. Akainamisha kichwa nimguse, vile watoto wa Kimaasai hufundishwa kusalimia wakubwa, nami nikamgusa. Kisha akatoa daftari kuukuu lililofungwa kwa karatasi ya kaki. Nilijua kabla hajalifungua. Njia yangu ilikuwa pale, kwa mwandiko wa Nasieku, imepigiwa mstari chini kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika jina langu.

"Mwalimu wetu amenipea kosa nikitumia hii," akaniambia. "Mum amekataa kabisa. Amesema nikuletee wewe, ndio umwonyeshe huyo mwalimu vile inafanywa."

Akacheka kidogo akaongeza, "Mum husema hesabu yote ilimshinda, ni hii tu alishika."

Nilimwambia niko na kichwa kinauma, arudi Jumamosi. Daftari ameniachia, liko hapa mezani ninapoandika. Mtoto lazima nimfundishe njia ya kweli, mtihani uko karibu, hilo halina mjadala. Lakini akifika nyumbani mama yake atauliza. Nilishamnyima ualimu, au pengine sikumnyima, sitawahi kujua. Nikisema ukweli nitamnyang'anya na hii moja aliyobaki nayo. Nyinyi mngekuwa mimi, mngemwambia nini Nasieku? Naomba mnijibu kabla ya Jumamosi.