Kompyuta ya Kisegi na Sala ya Jaduong' Gordon

Ni saa tatu na robo asubuhi, Alhamisi, kwenye baraza ya zahanati ya Kisegi. Akina mama wapatao arobaini wameinamisha vichwa, watoto wakiwa migongoni na mapajani. Jaduong' Gordon Odero, mzee ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati, anasali. Ameshawaombea wagonjwa, wavuvi na walimu. Sasa amefika kwa wakwe.

Macho yote yamefumbwa isipokuwa ya Filister Awuor. Yeye anatazama saa yake ya mkononi, halafu kompyuta ndogo ya kubebeka iliyofungwa kifuniko pale mezani. Dakika sita zimepita.

Nje imeegeshwa pikapu yenye makatoni sita matupu. Ombati, msimamizi wa mradi wa chanjo, ameyaleta kwa makusudi. Kompyuta hii isipoamka baada ya "Amina", kesho yeye anakusanya kompyuta zote sita za mradi, za Migori na za Homa Bay, anazirudisha Nairobi. Kazi ya Filister itaondoka nazo.

Filister, mwenye umri wa miaka 31, ni fundi wa kompyuta mjini Migori, ingawa alianzia chini ya matrekta ya miwa kule Awendo, akifunga nyaya za dainamo na mjomba wake Walter. Karo ilimshinda akiwa kidato cha pili.

"Umeme umenipiga mpaka tukajuana tabia," anasema.

Baadaye alijilipia masomo ya kupiga chapa kwa kuzitengeneza mashine za chuo chenyewe. Padri mmoja Mholanzi, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia sidii ya mfumo wa kompyuta wa bure, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma ulivyoandikwa na kuurekebisha. Filister alijifunza lugha ya kuuandikia mfumo huo kwa miaka miwili, kutoka kitabu cha fotokopi kilichokosa sura ya tatu.

"Mpaka leo sijui sura hiyo ilisema nini," anasema. "Labda ndiyo ilikuwa ya kupata mchumba."

Mwaka jana mradi ulipopewa kompyuta sita kuukuu, zikiwa tupu kabisa, ni yeye aliyeziwekea mfumo huo, kwa mshahara wa shilingi 4,500 kwa mwezi. Kabla ya hapo majina ya watoto yaliandikwa kwenye madaftari. Mama angetembea kilomita kumi, kisha aambiwe ukurasa wa mtoto wake hauonekani. Huyu alichanjwa mara mbili, yule akasahaulika.

Kompyuta tano zilitulia. Ya Kisegi ikakataa. Ikishalala, haikuamka. Ilibidi izimwe kwa nguvu, na majina yote yaliyoingizwa asubuhi hiyo yakapotea. Muuguzi, Sister Emmaculate, alifikia kuyaandika kwa kalamu kwenye mkono wake.

Ilipelekwa Migori mara tatu. Kila mara Filister aliifunga na kuifungua, nayo ikaamka vizuri. Aliirudia mara ishirini, ikaamka mara ishirini. Ikirudi Kisegi, inakufa. Huu ni mwaka 1999, dunia nzima inaogopa kwamba kompyuta zitazimika mwaka 2000 ukiingia. Watu wa Kisegi walisema yao imeamua kutangulia. Wengine walidai inaogopa jina la Yesu.

Mwishowe Filister aliifuata hukohuko, akakaa kwenye benchi na akina mama.

Sister Emmaculate huanza kwa kuandikisha waliowahi. Watu wakishajaa, kazi husimama na sala husaliwa. Na Kisegi haisaliwi mbele ya kitu kinachowaka. Redio huzimwa, kofia huvuliwa, kompyuta hufungwa kifuniko.

"Utasalije na kitu kinakukodolea macho?" anauliza Sister.

Siku ya kwanza alisali Sister mwenyewe, dakika moja tu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kompyuta iliamka. Siku ya pili alisali Jaduong' Gordon. Haikuamka.

"Hapo ndipo nilifungua macho katikati ya sala," Filister anasema, "na sijatubu."

Tatizo lilikuwa ndani kabisa ya kiini cha mfumo, katika kipande kinachoamua kompyuta itumie umeme lini na ilale lini. Mafundi hukiita draiva ya umeme. Kufunga kifuniko ni amri ya kwanza ya kulala. Dakika tano zikipita bila mtu kuigusa, saa ya ndani ya mashine nayo hutoa amri ya pili.

"Mtu amelala, wewe unakuja kumwambia lala," anaeleza. "Akiamka anakumbuka kuna amri hajaitimiza. Analala tena. Haikuwa na pepo, ilikuwa na utii wa kupita kiasi."

Kule karakana yake ya Migori hakuwahi kungoja zaidi ya dakika moja. Fundi gani hukaa dakika tano akitazama mashine iliyofungwa?

Ombati alikuwa na dawa rahisi: mzee afupishe sala. Ila hakujitokeza mtu wa kumwambia. Habari zilimfikia hata hivyo, akamwita Filister.

"Nyathina," alimwambia, yaani mwanangu, "mimi nilikuwa nikisali hivi kabla stima haijafika huku. Hiyo kompyuta ndiyo ijifunze."

Filister alikubaliana naye. Alifungua maandishi ya draiva na mara ya kwanza akaharibu: aliiambia kompyuta itupe amri zote za kulala. Ikakesha kama askari wa zamu, na betri ikaisha kabla watoto thelathini hawajachanjwa. Mara ya pili akaiambia itupe tu amri inayoikuta imeshalala. Mistari minne.

Kisha kiini chote kilitakiwa kuundwa upya, kazi ya saa tatu kwenye kompyuta kubwa ya karakana. Zikiwa zimebaki dakika kumi, stima ikapotea Migori nzima. Filister anasema alicheka, kwa sababu kulia alikuwa ameshalia vya kutosha. Kesho yake alianza upya.

Na leo ndiyo leo. Jaduong' Gordon ameambiwa ni siku ya majaribio, akaona awape thamani ya muda wao. Anasema "Amina" dakika ya kumi na moja.

Sister Emmaculate anainua kifuniko. Kioo ni cheusi. Ombati anaanza kusimama.

Halafu kioo kinawaka, na jina la mwisho lililoingizwa kabla ya sala lipo palepale. Sister analisoma kwa sauti: "Cephas Ouma, miezi tisa, chanjo ya surua."

Mama Cephas anasimama na mwanawe. Baraza inapiga makofi, mtoto analia, na Ombati anakwenda kwenye pikapu. Anarudi na makatoni, anauliza nani anayahitaji. Yanagombaniwa ya kulelea vifaranga.

Filister sasa amenakili ile mistari minne kwenye disketi. Wiki ijayo ataipeleka Kisumu kwenye ofisi yenye barua pepe, aitume kwa watunzaji wa mfumo huko ng'ambo. Anatumaini wataiingiza kwenye toleo lao lijalo, ili kompyuta ya mtu asiyemjua, mahali asipopajua, nayo iamke. Ameambatisha maelezo ya kulijaribu kosa: funga kifuniko, ngoja dakika saba, fungua.

Jaduong' Gordon ameyasikiliza yakitafsiriwa kutoka Kiingereza na kuyapitisha, ila anataka jambo moja liongezwe: hizo dakika saba wasikae bure.